Krismasi: Namna ya kupamba uani bila kukausha mfuko

MSIMU wa Krismasi unapobisha hodi, familia nyingi nchini hukabiliwa na mtihani ule ule: namna ya kuifanya nyumba ipendeze na wageni wapokewe kwa heshima, bila kuzigusa fedha ambazo mwezi wa Januari huja kuzidai.

Aghalabu karamu yenyewe haifanyikii sebuleni. Nyumba nyingi, ziwe za mijini au za mashambani, hazina nafasi ya kuwatosha shangazi, wajomba, binamu na majirani wanaokusanyika tarehe 25 Desemba. Watu huketi uani, chini ya mwembe au mparachichi, karibu na meko ambapo nyama huchomwa na chapati kupikwa.

Hata hivyo, mapambo mengi yanayouzwa madukani yametengenezwa kwa ajili ya sebule. Yakitolewa nje hunyeshewa, hupeperushwa na upepo au hufifia kwa jua katika siku mbili tu. Mzazi aliyeyanunua hubaki na takataka, na karo ya muhula wa kwanza imepungua.

Wahenga walisema, jikune ujipatapo. Uani hupambika vizuri kwa vitu ambavyo tayari vimo nyumbani au shambani, ilmradi kazi ipangwe mapema na kila mtu wa nyumba apewe sehemu yake.

Usafi ndio pambo la kwanza

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kuutazama uani kwa macho ya mgeni. Nyasi zikifyekwa, magugu yakapalilia, vyuma vikuukuu vikaondolewa na majani makavu yakafagiliwa, mahali hapo hubadilika kabla ya shilingi moja kutumika.

Hili si jambo geni. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, akina mama wamezoea kuzisiriba upya nyumba za udongo kabla ya Krismasi, wakitumia udongo wa rangi mbalimbali, jivu na samadi ya ng'ombe. Ukuta uliosiribwa na kuchorwa mistari kwa mkono hauhitaji karatasi zinazometameta ili upendeze.

Wenye nyumba za mawe au mabati wanaweza kutumia chokaa. Chokaa huchanganywa na maji mpaka iwe nzito kama uji, kisha hutiwa chumvi kidogo ili ishike. Mawe yaliyopangwa kando ya kijia yakipakwa mchanganyiko huo hung'aa hata usiku, na kumwelekeza mgeni njia asijikwae.

Tahadhari ni muhimu hapa. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, kwa hivyo kazi hiyo ifanywe na mtu mzima aliyevaa glavu, na watoto wawekwe mbali hadi itakapokauka.

Mti bila kukata mti

Desturi ya mti wa Krismasi ilianzia Ujerumani, ambako watu walitumia misonobari na miti mingine ya jamii hiyo isiyopukutisha majani wakati wa baridi. Nchini Kenya, nafasi hiyo imechukuliwa na mti wa saiprasi, ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na ambao ulienezwa humu nchini enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao.

Kila Desemba, matawi ya saiprasi huuzwa kando ya barabara mijini. Lakini katika nyanda za juu, familia nyingi zimeuzungushia ua wa saiprasi mashamba yao, na ua huo hauna budi kupogolewa. Mwenye nyumba akiahirisha upogoaji hadi juma la Krismasi, atapata matawi ya kutosha bila gharama na bila kuangusha mti wowote.

Asiye na ua wa namna hiyo anaweza kumwomba jirani anayepogoa wake. Kuingia katika msitu wa serikali na kukata tawi bila idhini ni kosa, na hakuna sherehe inayostahili kuanzia katika kituo cha polisi.

Tawi hukaa mbichi kwa muda mrefu likitunzwa kama ua lililokatwa. Mwisho wa shina ukatwe upya kiasi cha sentimita 2, kisha tawi lisimamishwe ndani ya debe lenye mawe na mchanga uliolowa. Debe liwekwe kivulini na kumwagiwa maji kila siku. Mawe huzuia upepo kuliangusha, nao mchanga huhifadhi unyevu.

Katika Pwani, ambako saiprasi haipatikani kwa urahisi, makuti mabichi ya mnazi hufanya kazi hiyo kwa ufanisi. Makuti mawili yakisimikwa pande mbili za mlango na ncha zake kufungwa pamoja, huwa tao la kuwakaribisha wageni. Matawi ya mvinje pia hufaa, kwa kuwa majani yake membamba hufanana na ya msonobari.

Mapambo kutoka jikoni

Mapambo ya kuning'iniza yanaweza kutengenezwa na watoto, ambao wakati huo wako likizoni. Kigezo kikuu ni kwamba yahimili maji, kwa sababu mvua za vuli, ambazo huanza Oktoba, huweza kuendelea katika baadhi ya maeneo hadi mwishoni mwa Desemba.

Pakiti za maziwa zilizooshwa vizuri hukatwa nyota na maua ambayo hayalowi. Vifuniko vya chupa za soda hutobolewa kwa msumari na kutungwa katika uzi wa mkonge, na upepo ukivuma hugongana na kutoa mlio wa kengele ndogo. Maganda makavu ya mahindi hufungwa yakawa maua au vikaragosi, nayo matunda makavu ya msonobari hupakwa rangi iliyobaki baada ya ukarabati wa nyumba.

Magazeti ya zamani na trei za mayai pia hufaa, lakini yaning'inizwe chini ya upenu wa nyumba ambako mvua haifiki. Leso za mama zenye rangi nyekundu au kijani zikitandikwa juu ya meza huipa karamu sura ya kwao wenyewe, na baada ya sikukuu hurudi kabatini bila kupoteza chochote.

Kuhusu baluni, ni busara kuzipunguza. Vipande vya baluni zilizopasuka humezwa na mbuzi, kuku na hata watoto wachanga. Atakayezitumia ahakikishe kila kipande kimeokotwa kabla ya jua kutua.

Kwa upande wa maua, poinsetia yenye majani mekundu ndiyo inayohusishwa zaidi na Krismasi. Mmea huo ulitoka Mexico na ulipewa jina la Joel Poinsett, mwakilishi wa Marekani nchini humo katika miaka ya 1820. Kile ambacho wengi hudhani ni petali nyekundu kwa hakika ni majani. Maua yenyewe ni vitone vidogo vya manjano vilivyo katikati.

Poinsetia huoteshwa kwa vipandikizi. Anayeomba kijiti kwa jirani na kukipanda wakati wa mvua za masika hujiwekea pambo la miaka mingi. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho, hivyo mikono ioshwe baada ya kuukata.

Mwangaza na hatari zake

Jioni inapoingia, taa ndizo hufanya uani upendeze. Hapa ndipo wengi hudhani gharama hupanda, lakini hesabu huonyesha vinginevyo.

Waya wenye taa ndogo 100 za kizamani hutumia takriban wati 40. Ukiwashwa saa 5 kila usiku kwa siku 10, utatumia yuniti 2 za umeme. Waya wa taa za LED za idadi hiyo hutumia takriban wati 5, yaani robo ya yuniti kwa muda huo huo. Kwa upande mwingine, taa moja kubwa ya halojeni ya wati 500 ikiwashwa kwa saa hizo hizo hula yuniti 25.

Kwa hivyo, taa ndogo si adui wa tokeni. Adui ni taa kubwa inayomulika hadi kwa jirani. Aidha, taa za LED hazipati joto jingi, jambo ambalo ni la maana pale zinapozungushwa katika matawi yanayokauka.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni waya wenyewe. Taa nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimeundwa kutumika ndani ya nyumba pekee. Zikinyeshewa, zinaweza kumrusha mtu kwa umeme hata kumuua. Viungo vya waya visilazwe juu ya nyasi, soketi isikae mahali maji yanapoweza kufika, na waya uliochubuka usifungwe kwa karatasi ya nailoni kisha ukaitwa mzima. Asiye na uhakika atumie taa za miale ya jua, ambazo hazihitaji waya kutoka nyumbani.

Pasipo umeme, mikebe mitupu hutengeneza taa nzuri. Mkebe hujazwa mchanga uliolowa na kushindiliwa ili usibonyee, kisha hutobolewa matundu kwa msumari kwa mchoro wa nyota. Mchanga humwagwa, ukabakishwa kidogo chini wa kusimamishia mshumaa. Mikebe hiyo ipangwe kando ya kijia, mbali na makuti, matawi makavu na nguo za watoto, na isiachwe ikiwaka watu wakienda kulala.

Baada ya sikukuu

Mapambo yanayodumu ndiyo nafuu kuliko yote. Nyota, kengele za vifuniko na mikebe vikikusanywa katika gunia moja na kuhifadhiwa pakavu, mwaka ujao kazi itakuwa nusu.

Matawi ya saiprasi yaliyokauka ni kuni. Yasitupwe zizini, kwa kuwa majani ya baadhi ya miti ya jamii hiyo yamejulikana kusababisha ng'ombe wenye mimba kuharibu mimba zao. Mfugaji aliyeokoa shilingi mia chache kwa kupogoa ua wake asije akapoteza ndama kwa sababu hiyo.

La msingi zaidi ni kiwango cha fedha kuamuliwa mapema, na wote wa nyumbani kukijua. Mzazi akiandika kwanza karo, sare, vitabu na nauli ya kurudi mjini, kisha chakula cha wageni, kinachobaki ndicho cha mapambo. Iwapo hakuna kinachobaki, chokaa, matawi na mikono ya watoto vinatosha.

Mtoto aliyetunga kengele za vifuniko kwa mkono wake ataikumbuka Krismasi hiyo miaka mingi. Naye mgeni aliyeketi kivulini penye usafi, akakaribishwa kwa chai na maneno mema, hataulizia bei ya nyota iliyoning'inia juu yake.