Mafundo ya Sura Yusuf na namna yanavyofunguliwa

Sura Yusuf, ya 12 katika msahafu, ina aya 111, na karibu zote ni za kisa kimoja kinachosimuliwa mfululizo tangu ndoto ya mtoto hadi kutimia kwake. Visa vya manabii wengine wengi vimegawanyika katika sura mbalimbali. Kwa hiyo anayetaka kujua kama sehemu za sura zimepangwa kwa utaratibu, na utaratibu huo unatambulikanaje, atapata hapa pa kuanzia.

Kwanza tuweke istilahi. Nadhmu ni mpangilio wa maneno kwa kufuata maana, kila neno likikaa mahali linapostahili. Abdulqahir al-Jurjani, mwanazuoni wa karne ya 11, ndiye aliyeifafanua kwa kina katika elimu ya balagha. Munasaba ni uhusiano wa aya na aya, au sura na sura, na Burhanuddin al-Biqai, aliyefariki mwaka 1480, aliufuatilia katika Qur'ani nzima. Laffi na nashri ni kutaja mambo kadhaa kwa pamoja, kisha kulirudia kila moja kwa maelezo yake. Marejeo hayo huweza kufuata mfuatano wa mwanzo, au yakaanza na jambo lililotajwa mwisho.

Mwaka 1986 mtafiti Mustansir Mir alionyesha kuwa kisa cha Yusuf kimejengwa kwa namna hiyo ya kinyume. Nusu ya kwanza inafunga mafundo: ndoto ya Yusuf, hila ya ndugu zake, kishawishi cha mke wa Aziz, wanawake wa mjini, kifungo, ndoto ya mfalme. Nusu ya pili inaanza na fundo la mwisho. Ndoto ya mfalme inapata maana yake, wanawake wanakiri, mke wa Aziz anakiri, ndugu wanakubali kosa lao, na katika aya ya 100 ndoto ya utotoni inatimia.

Mtu anaweza kupinga, na hoja yake ni ya haki: kisa chochote ukikikata unapotaka kitaonekana kina ulinganifu. Ndiyo maana tunahitaji kipimo. Je, maneno ya sura yenyewe yanaziunganisha sehemu hizo mbili, au mchoro ni wa msomaji tu?

Tuangalie aya ya 12 na ya 63. Katika ya kwanza, ndugu wanamwomba baba yao, Yaakub, awape Yusuf waende naye, wakiahidi kumlinda. Katika ya pili wanamwomba awape ndugu mdogo, na ahadi ya ulinzi inarudi kwa maneno yale yale ya Kiarabu, herufi kwa herufi. Aya ya 64 inaonyesha kwamba Yaakub ameisikia mara zote mbili: anawauliza kama awaamini kwa huyu kama alivyowaamini kwa yule, kisha analichukua neno lao la ulinzi na kulielekeza kwa Mwenyezi Mungu.

Aya ya 18 na ya 83 zinagusa zaidi. Mara zote mbili mzee anapewa habari ya mwana aliyepotea, na mara zote anajibu kwamba nafsi zao zimewapambia jambo, kwa hiyo yeye atashika subira njema. Lakini hali imegeuka. Mara ya kwanza walikuwa wanadanganya. Mara ya pili wanasema wanachokijua. Na mwisho wa jibu pia umebadilika, kwa kuwa sasa mzee anatumaini kuwa Mungu atamletea wote pamoja. Msomaji anayekumbuka aya ya 18 ndiye atakayeona jinsi tumaini hilo lilivyokua ndani ya msiba wa pili.

Kanzu nayo inatokea mara tatu: ina damu ya uongo, imechanwa kwa nyuma, na mwishowe inamrudishia Yaakub macho yake. Mara tatu haigawanyiki katika jozi. Wala utangulizi wa aya 3 hauna urefu sawa na hitimisho la aya 10. Anayetafuta mizani ya hesabu atalazimika kuilazimisha sura.

Basi ninavyoona, utaratibu upo, na ushahidi wake mzito ni maneno yanayorudi yakiwa na maana iliyoongezeka. Michoro ije baadaye. Hata pale utaratibu unapovunjika pana faida. Baada ya ndoto ya mfalme kufasiriwa, tungetarajia kifungo kifunguliwe mara moja. Mjumbe anakuja, lakini katika aya ya 50 Yusuf anakataa kutoka mpaka shauri la wanawake wale lichunguzwe. Fundo la kifungo linasubiri lile la heshima yake lifunguliwe kwanza, na aliyeamua hivyo ni mfungwa mwenyewe.