Picha za Watumishi: Kila Uso Uonekane



Siku hizi ofisi nyingi zina tovuti. Tovuti ni kama ule ubao wa matangazo ulioko nje ya ofisi. Tofauti ni kwamba ubao husomwa na mtu aliyefika pale, lakini tovuti husomwa kwa simu na mtu aliye popote. Ofisi huandika humo inafanya kazi gani, inafungua saa ngapi na namba yake ya simu ni ipi. Nyingi huweka pia picha za watumishi wake.

Wengine watasema, "Picha za nini? Hayo ni mapambo tu." Sivyo. Mwanachama anayetoa akiba yake anataka kumjua karani wa kweli. Akija tapeli mlangoni na kitabu cha stakabadhi, mwanachama hufungua simu akatazama. "Huyu hayumo!" Basi akiba yake imepona.

Lakini picha isiyofanana na mtu haisaidii kitu. Na kumleta mpiga picha kutoka mjini ni gharama. Ofisi ndogo humwambia kijana wake mwenye simu nzuri, "Haya, tupige wewe." Je, kijana huyo afanyeje? Leo tutaeleza.

MAMBO YALIYOTOKEA

Ofisi moja ya chama cha akiba na mikopo ilikuwa na watumishi saba. Siku ya picha, karani msaidizi aliwapanga mmoja mmoja mbele ya ukuta mweupe wa nje. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Akabonyeza.

Meneja, mtu wa maji ya kunde, alitoka vizuri kidogo. Mama mweka hazina alitoka amekunja uso kwa ajili ya jua. Mzee mlinzi, ambaye ngozi yake ni nyeusi sana, hakuonekana uso. Ilionekana kofia, meno na vifungo vya koti. Wenzake wakacheka.

Mzee akaitazama simu, kisha akairudisha. Akasema, "Mwanangu, mimi nitoe tu. Wanaokuja hapa wananijua."

Kijana akanyamaza. Mzee yule ndiye anayelala nje usiku akilinda fedha za watu. Sasa yeye peke yake ndiye asionekane?

Ndugu msomaji, kasoro haikuwa ya mzee. Wala haikuwa ya weusi wake. Kasoro ilikuwa ya saa, ya mahali, na ya namna ya kupiga.

KWA NINI USO ULIPOTEA?

Jicho la mtu lina akili nyuma yake. Hutazama ukuta unaong'aa na uso mweusi kwa pamoja, na vyote likaviona. Simu haiwezi kama jicho. Simu hukadiria. Hupima mwanga wote ulioko mbele yake, halafu hukisia iingize kiasi gani.

Ukuta mweupe uliopigwa na jua ulikuwa unang'aa mno. Simu ikaona mwanga umezidi, ikapunguza. Ukuta ukatoka vizuri, uso wa mzee ukazama gizani. Ni kama mpishi wa shughuli anayepima chumvi kwa sufuria zima, asikumbuke sahani ya mgonjwa.

Tena jua la saa saba liko utosini. Hutupa kivuli kwenye matundu ya macho na chini ya pua. Macho hayaonekani, na macho ndiyo mtu mwenyewe.

JAMBO HILI LINA HISTORIA

Zamani picha zilipigwa kwa filamu. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa moja ya kampuni kubwa za filamu duniani. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni hiyo iligawa kadi maalumu kwa watu waliosafisha picha za rangi. Kadi ilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi ya mwanamke yule ikitoka sawasawa, basi ilihesabiwa kwamba mashine imepimwa vema.

Je, mtu mweusi alipimwa kwa nini? Alipimwa kwa ngozi ya mtu mwingine. Ndiyo maana katika picha nyingi za rangi za miaka ile, watu weusi walitoka kama vivuli, hasa walipopigwa pamoja na Wazungu. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake watatu wa rangi mbalimbali.

Simu za leo ni bora kuliko filamu zile. Lakini bado zinakadiria, na bado zinaweza kukosea. Mpigaji ndiye wa kuzisahihisha.

FUNDI WA BAMAKO

Usifikiri lazima uwe na vyombo vya thamani. Katika mji wa Bamako, nchini Mali, alikuwako Seydou Keïta. Alizaliwa mwaka 1921 hivi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa useremala. Mwaka 1935 jamaa yake mmoja alimletea kamera ndogo kutoka Senegali. Hakusomea picha shuleni. Alijifunza kwa kujaribu na kwa kuuliza wenye ujuzi.

Mwaka 1948 alifungua studio nyumbani kwake. Picha nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake! Filamu ilikuwa ghali, hivyo mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Kwa hiyo alimpanga mtu kwanza, akatazama mikono, akatazama shingo, ndipo akabonyeza. Alifariki mwaka 2001. Leo picha za wateja wake weusi zimetundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na nyuso zao zinaonekana wazi.

Basi, na sisi tupige vipi?

HATUA ZA KUFUATA

1. Omba ruhusa kwanza. Mweleze mtumishi kwamba picha yake na jina lake vitawekwa mahali ambapo watu wote wanaweza kuviona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Uso na jina la mtu si mali ya ofisi. Asiyetaka asilazimishwe.

2. Futa kioo cha kamera. Simu hukaa mfukoni na hushikwa na mikono yenye mafuta. Kioo kichafu hutoa picha yenye ukungu. Futa kwa kitambaa laini cha pamba. Tumia kamera ya nyuma ya simu, maana kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele.

3. Tafuta mwanga laini. Mwanga mzuri ni wa dirisha au mlango usioingiza jua moja kwa moja. Asubuhi tumia dirisha la upande wa magharibi. Alasiri tumia la mashariki. Zima taa za ndani, kwa sababu taa na mchana zina rangi tofauti, na uso utatoka na madoa ya rangi. Baraza yenye kivuli inafaa pia. Chini ya mwembe si pazuri sana, kwa kuwa mwanga hupenya kwenye majani kwa matone matone, na majani huutia rangi ya kijani.

4. Mtu aelekee kwenye mwanga. Hili ndilo kosa kubwa la wengi. Humweka mtu mgongo dirishani, uso ukatoka mweusi kama mkaa, hata awe mweupe kiasi gani. Mgeuze. Asimame kiasi cha hatua mbili kutoka dirishani, uso ukielekea mwanga kwa upande kidogo.

5. Angaza upande wa pili. Upande wa uso ulio mbali na dirisha utakuwa na kivuli. Mtu mmoja ashike shuka jeupe au karatasi ya manila upande huo. Mwanga utagonga weupe ule na kurudi usoni. Hii ni taa isiyotumia umeme.

6. Tazama kilichoko nyuma. Ukuta mweupe unaong'aa haufai. Tafuta ukuta wa rangi ya udongo au kijivu, au tundika kitambaa kisicho na maua. Mtu asiuegemee ukuta. Asogee mbele hatua mbili ili kivuli chake kisionekane.

7. Pimia usoni. Hapa ndipo kijana wetu alipokosea. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu. Katika simu nyingi, alama ndogo itatokea, na pembeni yake kijua. Kisukume kijua juu polepole, uso utaongezeka mwanga. Simamia pale unapoyaona macho na mikunjo ya uso vizuri. Ukizidisha, ngozi itapauka na kupoteza rangi yake. Fanya hivyo upya kwa kila mtu, kwa sababu ngozi za watu hazilingani.

8. Usimsogelee mno. Ukipiga kwa karibu sana, pua hukua na masikio hukimbia nyuma. Simama mita moja na nusu au mbili. Sehemu zisizotakiwa utazikata baadaye. Simu iwe sawa na macho ya mtu. Ukipiga kutoka chini utaonyesha matundu ya pua, na ukipiga kutoka juu utamfanya mtu mzima aonekane mtoto.

9. Weka alama sakafuni. Chora kwa chaki mahali pa miguu ya mtu na mahali pako wewe. Kila mtumishi asimame palepale. Hivyo picha zote zitafanana kama ndugu. Meneja asipewe mwanga mzuri, na mfagizi akapewa giza.

10. Zungumza naye. Ukimwamrisha mtu mzima, "Cheka!", hatacheka, atakaza shingo. Mwulize habari za shamba. Mwulize mjukuu ameanza shule lini. Piga picha kumi na zaidi, kwa kuwa kuna kupepesa macho. Mwenye miwani ainamishe uso kidogo sana, ili dirisha lisionekane kwenye vioo vyake. Kisha mwonyeshe picha, achague mwenyewe. Haraka haraka haina baraka.

BAADA YA KUPIGA

Zipo programu za simu za kulainisha uso. Hufuta makunyanzi na hung'arisha ngozi. Usizitumie. Mwanachama akija ofisini na asimtambue karani aliyemwona kwenye picha, ile picha ina faida gani? Tena ni kumwambia mzee kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni kosa la kusahihishwa.

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ubora. Itume kama hati, itafika nzima. Fundi wa tovuti ndiye ataipunguza kwa kiasi. Mwambie asisahau. Picha ya simu huweza kuwa na megabaiti 3 au zaidi. Picha saba za namna hiyo ni megabaiti 21 na zaidi, na msomaji atazilipia kwa bando lake. Kilobaiti 200 kwa kila picha zinatosha.

Andika jina la kila mtu kama anavyoliandika mwenyewe, pamoja na kazi yake. Na mtumishi akiacha kazi, picha yake iondolewe mara moja. Picha ya mtu aliyeondoka ni mlango wa tapeli. Atakwenda kwa wanachama na kusema, "Nitazameni, si mimi huyu?"

MZEE ALIRUDI

Tumalizie habari ya ofisi ile. Siku ya pili kijana alimwendea mzee saa mbili asubuhi, akitoka zamu. Akamwambia, "Babu, jana nilikosea mimi. Nipe dakika tano."

Akamsimamisha karibu na dirisha la magharibi. Mama mweka hazina akashika shuka jeupe. Kijana akagusa uso wa mzee kwenye simu, akasukuma kijua juu kidogo. Akamwuliza habari za ng'ombe wake. Mzee akaanza kueleza, na kijana akabonyeza.

Mzee akaitwaa simu. Akaitazama kitambo. Yalionekana macho, ndevu za mvi, na kovu dogo la juu ya nyusi. Akauliza, "Hii inaonekana hata Dar es Salaam?"

"Hata Dar es Salaam, babu."

"Basi mwanangu yuko kule. Nipigie nimwambie atazame."

Kijana akawapiga upya na wale sita, hata meneja, mahali palepale penye alama ya chaki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini uso wa mzee haukuonekana katika picha ya kwanza?
2. Katika ofisi ya kijiji chenu, dirisha gani lina mwanga laini asubuhi? Nendeni mkatazame.
3. Je, ni haki kuweka picha ya mtu bila kumwuliza? Kwa nini?
4. Mpigeni mwenzenu picha mbili: moja mgongo dirishani, nyingine uso dirishani. Mnaona tofauti gani?