Mzee Anataka Kucheza Karate

Miezi michache iliyopita mama mmoja alitusubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Alitushika mkono, akatuvuta pembeni, akasema: "Ninyi wa ukurasa wa afya, nisaidieni jamani. Mzee wangu anataka kucheza karate." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Mumewe ana miaka 46, ni dereva wa lori, na siku nzima yuko kwenye kiti. Uzito wake ni kilo 98. Anatumia vidonge vya shinikizo la damu, na mganga amemwambia zaidi ya mara moja kwamba lazima afanye mazoezi. Kukimbia barabarani anaona haya, maana vijana wa kijiweni humpigia miluzi. Lakini kila Jumamosi huwapeleka watoto wake karate katika ukumbi wa parokia, akakaa kwenye benchi kuwasubiri. Siku moja alirudi nyumbani akatangaza kwamba amechoka kukaa kwenye benchi, naye ataingia mstarini.

Hofu ya mama huyo ilikuwa na pande mbili. Baba mkwe wake alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 51. Mumewe asipofanya kitu, atafuata njia ile ile. Akiingia kwa pupa, huenda akaanguka pale pale mbele ya watoto. Tulimwahidi kujibu hapa, kwa sababu tunajua si nyumba yake peke yake yenye swali hili. Wako akina baba na akina mama wengi walioona sinema za Bruce Lee wakiwa vijana, wakatamani, wakaoa au wakaolewa, wakanenepa, na tamaa ile bado wanayo.

Tuanze kwa kusema kwamba mzee yule hakukosea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Masomo mawili ya saa moja moja ya mchezo wa kujihami, ukiongeza kutembea kwa miguu siku nyingine, yanafikisha kiasi hicho. Tena mchezo una faida ambayo kukimbia peke yako hakuna: wenzako wanakusubiri. Usipofika, utaulizwa ulikuwa wapi. Upweke nao huwafanya watu kuacha mazoezi.

Lakini kabla ya kuvua viatu, nenda ukapimwe. Hatusemi hivi kwa mazoea tu. Moyo wa mtu asiyezoea kazi nzito hupata hatari kubwa zaidi pale anapoulazimisha kazi hiyo ghafla, kuliko moyo wa mtu anayefanya mazoezi kila mara. Kama kipimo chako cha damu kimefika 180 kwa namba ya juu, au 110 kwa namba ya chini, usianze mchezo wowote wa nguvu mpaka kishushwe kwa matibabu. Anayetumia dawa asiziache eti kwa sababu sasa anacheza. Na ajue kwamba baadhi ya dawa za shinikizo hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo kunaweza kumdanganya. Kipimo kizuri zaidi ni mdomo wake mwenyewe: akiwa mazoezini aweze kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Akishindwa, apunguze. Akisikia maumivu kifuani, kizunguzungu, au kuhema kusikokoma hata akipumzika, asimame mara moja, na apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Mwenye kisukari anayechoma sindano au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari abebe kitu cha sukari mfukoni. Na kwa kuwa michezo hii huchezwa pekupeku, achunguze nyayo zake kila baada ya somo, maana kidonda kidogo asichokisikia chaweza kumletea mambo makubwa. Mama mjamzito asiingie kwenye kubwagwa wala kupigwa ngumi.

Sasa achague mchezo gani? Watu hutuuliza upi una nguvu zaidi, upi unamshinda mwenzake. Swali hilo ni la vijana wenye miaka 17. Mtu wa makamo mwenye mwili mzito ajiulize mchezo huo utamfanyia nini magotini, mgongoni na kichwani kwake katika miezi mitatu ya kwanza.

Tuitazame judo. Aliyeianzisha ni Jigoro Kano, mjini Tokyo, mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21 mwenye umbo dogo. Alikuwa mwalimu, na judo aliitaka iwe malezi ya mwili na ya tabia. Judo ni kukamatana nguo, kumwangusha mwenzako na kumbana chini. Mwanafunzi mpya huanza kwa kujifunza kuanguka: kidevu kikae kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono upige mkeka ili kishindo kisimwishie mgongoni. Kwetu sisi, hili ni moja ya mambo bora ambayo mtu mzima anaweza kujifunza, kwa sababu wazee wengi wanaovunjika nyonga huvunjika kwa kuanguka kwa kawaida tu, bafuni au kwenye ngazi. Na kule kushuka chini na kuinuka mara 20 ni mazoezi tosha kwa mwenye kilo 98!

Hata hivyo judo ina somo chungu. Nchini Japan, kati ya mwaka 1983 na 2011, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shuleni, wengi wao kwa kuumia kichwa, na wengi walikuwa wageni katika mchezo ambao walibwagwa kabla ya kujua kuanguka. Ufaransa, ambako judo inachezwa na watu wengi mno, iliweka sheria tangu mwaka 1955 kwamba anayefundisha judo awe na cheti cha serikali. Basi ukienda kwa mwalimu wa judo, muulize atakufundisha kuanguka kwa muda gani kabla ya mtu kukubwaga. Akijibu kwamba utazoea mbele kwa mbele, mshukuru, uende nyumbani.

Karate asili yake ni visiwa vya Okinawa. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyekuwa dhaifu utotoni, aliionyesha Tokyo mwaka 1922 akiwa na miaka 53, na akaendelea kufundisha hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1957 akiwa na miaka 88. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba saa yao imepita.

Uzuri wa karate kwa mtu mzito ni kwamba sehemu kubwa ya somo kila mtu hucheza mahali pake, bila kubebwa wala kubwagwa. Kuna mapigo ya msingi, na kuna kata, yaani mfululizo wa hatua uliopangwa, ambao waweza kuucheza polepole kadiri ya pumzi zako. Ubaya wake uko magotini. Kila kilo moja ya mwili hulibebesha goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua, na kusimama chini sana huku goti limepindia ndani ni kulitafutia ugonjwa. Goti lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea. Simama juu kidogo kuliko vijana. Teke lako liishie kiunoni, hata chini ya hapo. Mwalimu mwenye busara hatakulazimisha kupiga juu ya kichwa cha mtu, na kwa kweli hakuna ulazima.

Taekwondo ya Korea, ambayo imo katika Michezo ya Olimpiki rasmi tangu mwaka 2000, ni nzuri kwa watoto na vijana, lakini mateke ya juu na ya kuruka ndiyo roho yake. Mzee aiache kwanza. Aikido ya Morihei Ueshiba haitilii mkazo mashindano, ila ina kuviringika na kuanguka kwingi, hivyo uliza swali lile lile la judo. Jiu-jitsu ya Brazil huchezwa zaidi chini, mtu akiwa amekulalia kifuani. Anayeanza ajue mapema kwamba kupiga mkeka kwa kiganja ni kusema "basi", na hakuna aibu ndani yake. Ngumi? Piga mfuko wa mchanga, ruka kamba ukishapungua uzito, lakini usikubali kupigwa kichwani. Ubongo hauna mazoezi ya kuuzoesha makonde.

Kwa wale wenye magoti mabovu, au waliokwisha kupita miaka 60, tungependa sana tai chi ya Wachina. Huchezwa taratibu kama mtu anayetembea ndani ya maji, na uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba hupunguza kuanguka kwa wazee. Shida ni kwamba kwetu walimu wake ni wa kutafuta kwa tochi.

Wasomaji kadhaa wamewahi kutuuliza kama kule kuinama mbele ya mwalimu ni ibada. Kuinama huko ni salamu ya Wajapani, kama sisi tunavyowaamkia wakubwa. Mkristo asisumbuke moyo kwa hilo.

Lakini mchezo wowote utakaouchagua, kwa maoni yetu mwalimu ni muhimu kuliko jina la mchezo. Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu alijifunza hivyo kwa mguu wake. Akiwa na miaka 41 alijiunga na klabu moja mjini. Hakuna aliyemuuliza umri wala ugonjwa. Baada ya dakika tano za kupasha mwili moto wote waliamriwa kuruka kichurachura kuzunguka ukumbi, yeye katikati ya vijana, na kwa kiburi hakutaka kubaki nyuma. Katika mzunguko wa pili alisikia "pa!" kwenye kigimbi, akageuka akidhani ametupiwa jiwe. Msuli ulikuwa umechanika. Alichechemea kwa wiki sita, na hakurudi tena.

Kwa hiyo kaa kwanza kwenye benchi kwa masomo mawili mazima, wala usilipe kitu. Usimtazame mwanafunzi hodari, maana hodari hung'aa popote. Mtazame aliye wa mwisho, yule mzito, yule anayesahau mguu wa kushoto. Mwalimu anafanya nini naye? Akimcheka, au akimchapa fimbo, umekwisha kupata jibu. Akimpunguzia zoezi bila kumdharau, hapo panafaa. Angalia pia kama wanaruhusiwa kunywa maji. Wako walimu wa zamani walioyanyima eti kujenga ukakamavu, na hilo ni kosa, hasa katika joto letu. Angalia kama mikeka inafutwa na kucha zinakatwa, kwa sababu mashilingi na magonjwa mengine ya ngozi hupita hapo kwa haraka. Na kwa wazazi: somo la watoto liwe wazi kwa mzazi yeyote kuingia na kutazama, saa yoyote. Mwalimu anayefunga mlango, usimwachie mtoto.

Mwezi wa kwanza usiwe wa karate hata kidogo. Tembea dakika 20, halafu 30, siku tano kwa wiki. Nyumbani, kaa kwenye kiti na uinuke mara 10 bila kushika kitu. Keti sakafuni kisha usimame, mara chache, mpaka usiwe na woga wa sakafu. Mwezi wa pili nenda mara moja kwa wiki, ukae nusu ya somo, uondoke bado ukiwa na hamu. Sare usinunue bado. Fulana na suruali ya mazoezi vinatosha, na akina mama wanaweza kuvaa suruali pana bila kuona haya. Jihadhari na mwezi wa tatu. Pumzi na misuli huongezeka nguvu katika wiki chache, lakini kano zinazoshika misuli na mifupa huchukua miezi mingi. Mtu hujiona amekuwa simba, na siku hiyo ndiyo kisigino hukatika.

Mama yule tulimweleza haya yote, naye akampeleka mzee zahanati. Kipimo kilikuwa 168 kwa 100. Mganga alimbadilishia dawa, akamwamuru atembee kwa mwezi mzima, na mzee alinuna lakini akatii. Sasa yuko mstari wa nyuma kila Jumamosi, akiwa na fulana yake ya kazi. Wenzake wakiruka, yeye hutembea. Binti yake wa miaka 11, ambaye ana mkanda wa njano, ndiye anayemsahihisha ngumi, maana kila mara huficha kidole gumba ndani. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa 138 kwa 86. Dawa hajapunguziwa, na ameambiwa arudi zahanati baada ya miezi mitatu.