Shauri Lililofutwa kwa Kutohudhuria Laweza Kurudishwa

Katika nchi ya Angurai shamba ndilo akiba ya mtu. Humo hupata wimbi na muhogo wa kulisha watoto, na humo huzikwa wazee wake. Kwa hiyo mashauri ya mipaka na ya urithi wa ardhi huwa mazito, na kulipoteza shauri la namna hiyo bila hata shahidi mmoja kusikizwa ni msiba mkubwa. Hata hivyo mambo hayo hutokea. Mdai hakufika siku iliyowekwa, mdaiwa alifika, na korti ikalifuta shauri.

Kutohudhuria kuna sababu nyingi. Kutoka Angurai hata kufika korti ya Busia ni safari, na gari la asubuhi likiharibika njiani, saa tatu hupita mtu akiwa bado barabarani. Wateso wana jamaa pande zote mbili za mpaka, na msiba ukitokea Tororo hakuna awezaye kukaa nyumbani. Wengine huugua, wengine huandikiwa tarehe isiyo sawa, ama wakili wao huikosea. Ajali haina kinga, na sheria yalijua jambo hilo.

Kanuni za mashauri ya madai za Kenya za mwaka wa 2010, katika Amri ya 12, zaeleza mambo yote haya. Ikiwa pande zote mbili hazikufika siku ya kusikizwa, korti yaweza kulifuta shauri. Na mdai aweza kufungua shauri jipya, kama muda wa sheria haujapita, au kuomba lile la kwanza lirudishwe. Lakini ikiwa mdaiwa peke yake ndiye aliyefika, naye hakubali dai, korti hulifuta shauri isipokuwa ikiona sababu njema ya kutolifuta. Hapo ndipo wengi hupotea. Hudhani kwamba watakwenda tu kulipa ada upya na kuanza tena. Sivyo. Shauri lililofutwa kwa namna hii haliwezi kufunguliwa upya kwa madai yale yale. Njia iliyobaki ni kuiomba korti ile ile, chini ya kanuni ya 7, itangue amri yake.

Naye mdaiwa asidhani kwamba akikaa nyumbani shauri litakufa. Kama alipelekewa habari ya tarehe ipasavyo, korti yaweza kuendelea na kumsikiza mdai peke yake. Mdaiwa aliyehukumiwa hivyo pia aweza kuomba hukumu iondolewe.

Ombi huandikwa na kuambatanishwa na hati ya kiapo. Katika hati hiyo mwombaji aeleze waziwazi ni kwa nini hakufika, ni lini alipojua kwamba shauri limefutwa, na alifanya nini baada ya kujua. Maneno matupu hayatoshi. Aliyekuwa mgonjwa alete karatasi ya hospitali. Aliyekuwa mazishini alete kibali cha mazishi au barua ya chifu. Kisha mwenzake hupewa nakala, naye ana haki ya kupinga.

Hakimu huamua kwa hiari yake, lakini si kwa kupenda tu. Kipimo chatoka katika shauri la Shah na Mbogo, lililoandikwa katika vitabu vya hukumu za Afrika Mashariki mwaka wa 1967, na rufani yake mwaka wa 1968. Huruma ya korti ni kwa mtu aliyepatwa na ajali, au aliyesahau, au aliyekosea kosa la kusameheka. Si kwa mtu aliyekusudia kuzuia haki au kuichelewesha. Tena Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 159, yaagiza haki itendwe bila kushikilia mno taratibu. Lakini kifungu hicho hicho chasema haki isicheleweshwe. Mwombaji asiukumbuke upande mmoja na kuusahau wa pili.

Korti hutazama pia hasara ya mwenzake. Huyo naye alilipa nauli, akaacha jembe lake, akaleta mashahidi wazee ambao huenda mwakani hawatakuwapo. Mara nyingi shauri hurudishwa kwa sharti la kumlipa gharama za siku ile. Malipo hayo si dhuluma.

Kanuni ya 7 haitaji idadi ya siku za kuleta ombi, lakini ngojangoja yaumiza matumbo. Aliyekuja baada ya wiki moja hueleza wiki moja. Aliyekuja baada ya miaka mitatu hana budi kuieleza miaka yote mitatu. Wala asiseme tu, "Nilimwachia wakili." Korti nyingi humhurumia mtu aliyeponzwa na kosa la wakili wake, lakini husema pia kwamba shauri ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali huitembelea.

Basi yafaa kila mwenye shauri aandike tarehe yake mahali pa kuonekana, aulize kwa karani wa korti kabla ya siku kufika, na akizuiwa na jambo, apeleke habari mapema. Na shauri likiisha kufutwa, asikae barazani akilaumu. Na aende Busia kesho yake.