Kivuli, Mlango na Sindano ya Kila Mwezi

Dawa nyingi za kutuliza maradhi makali ya akili huupunguzia mwili uwezo wa kujipoza. Ndivyo ilivyo Largactil. Ndivyo ilivyo pia Artane, ambayo wagonjwa hupewa ili misuli isikakamae kwa sababu ya dawa ile ya kwanza. Jasho hupungua, joto la ndani likapanda, na mwenyewe asing'amue. Lithiamu nayo hugeuka sumu mwili unapokaukiwa maji. Mgonjwa wa Limuru anaweza kumeza vidonge hivi miaka mingi bila jambo hili kumgusa. Lodwar, katika Turkana, ni kwingine. Huku joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita, na mgonjwa asiye na pa kujisitiri kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni anaweza kuangushwa kando ya barabara na dawa iliyokusudiwa kumtibu.

Kwa hiyo katika Turkana, makazi ya mgonjwa wa akili aliye mitaani hayawezi kusubiri matibabu yakamilike. Kivuli, maji ya kunywa, na mahali pa kuweka vidonge visilowe wala kuibwa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Mazoea yetu huanzia upande wa pili: apelekwe hospitali kwanza, apate nafuu, kisha familia itafutwe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hukwama, na ikikwama, jasho lote la wauguzi linamwagika mchangani.

Lodwar ni mji wa mchanga na upepo, umekaa kando ya mto Turkwel, na laga ya Kawalase, yaani mto wa msimu, hupita papo hapo mjini. Laga ikiwa kavu, mchanga wake hupoa usiku na kuwa godoro la asiye na godoro. Mvua ikinyesha milimani, maji huja kwa ghafla hata kama mjini hakujadondoka tone, na anayelala humo akiwa amelewa dawa hasikii mngurumo. Wengine hulala kwenye veranda za maduka na kandokando ya soko, hadi mwenye duka afungue asubuhi na kuwaambia waondoke. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani, iliyofanywa mwaka 2018, ilipata watu 46,639 nchini Kenya. Hazina ya kuwarekebisha watu hao imekuwapo tangu 2003. Nashuku kwamba hesabu za namna hii humkosa kwa urahisi mtu wa mji mdogo wa mpakani ambaye hajibu maswali, au anayajibu kwa namna isiyoandikika kwenye fomu.

Wamefikaje hapo? Mara nyingi jibu la haraka ni ukame, na ukame unahusika kweli, ila si kwa njia tunayoidhania. Ukame hausababishi skizofrenia. Unachovunja ni boma lililokuwa likimtunza mwenye skizofrenia. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Katika awi, yaani boma la Waturkana, mtu asiye sawa kichwani alikuwa na kazi: kuchunga wana-mbuzi karibu na nyumbani, kuteka maji, kukaa na watoto. Macho mengi yalimwona alipoanza kubadilika. Sisemi maisha hayo yalikuwa mepesi. Kamba ya kumfungia mgonjwa mtini inajulikana huku kama inavyojulikana kwingine Kenya, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu iliandika kwa uchungu mwaka 2011 jinsi taifa zima lilivyowatupa wagonjwa hawa. Lakini awi ilikuwa na chungu cha pamoja, na mgonjwa alikula humo. Mbuzi wakiisha, wenye nguvu huenda Kakuma au Kitale kutafuta vibarua, wazee hubaki wakisubiri msaada wa chakula, na mgonjwa hufuata barabara.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huenda asilione. Kwa Waturkana nyumba ni ya mwanamke. Kila mke hujenga akai yake kwa mikono yake, kwa fito na makuti ya mkoma au ngozi, na mwanamume hulala kwa mkewe au kwa mamake. Basi mwanamume aliyeugua kabla ya kuoa, kisha mama akafariki, hana nyumba hata pale familia yake inapopatikana. Ana ndugu, ana ukoo, ana mti wa kukaa chini yake. Mwanamke aliyeugua baada ya kujifungua naye anaweza kujikuta katikati: mahari haijakamilika, kwa mume hawamtaki, kwa baba wanasema bado wanadai mifugo. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anapoandika kwamba mgonjwa amerudishwa kwa familia, inafaa aulize pia atalala katika nyumba ya mama yupi.

Na familia yenyewe iko wapi? Boma la mfugaji huhama. Mgonjwa aliyeondoka Loima wakati wa kiangazi anaweza kurudi akute miiba mikavu ya ua peke yake, watu wamekwenda kuelekea mpaka wa Uganda kufuata malisho. Kumtafutia ndugu kunahitaji kujua ukoo wake, jina la babake, kundi la malisho walilohamia nalo, na chifu wa huko. Inahitaji redio inayotangaza kwa Kiturkana, na mtu wa bodaboda aliye tayari kwenda mahali pasipo na barabara. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Katika wiki hizo mgonjwa anakaa wapi? Kwa muda mrefu waliozidiwa wamesafirishwa hadi Eldoret, zaidi ya kilomita 300, au hadi Mathari, Nairobi, ambako hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910 imelazimika kuwahifadhi waliokwisha kupata nafuu kwa kuwa hakuna aliyekuja kuwachukua. Kadiri anavyopelekwa mbali ndivyo nyayo za familia yake zinavyofutika.

Ukienda Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, taabu inageuka sura. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wapatao laki tatu. Kwenye kambi kila aliyesajiliwa anatakiwa awe na kibanda. Lakini kibanda hutolewa kwa kaya, na kaya ya mtu mmoja aliye mgonjwa ni kitu dhaifu mno. Tofali za udongo zinamomonyoka mvua ikinyesha na yeye hakandiki upya. Mabati yanang'olewa usiku. Majirani waliokimbia vita wana hofu zao, na sauti ya mtu anayepiga kelele usiku wa manane inawarudisha walikotoka. Mkimbizi Mkongomani au Msudani Kusini hawezi kuambiwa aende kwa ndugu zake. Ndugu wako Uvira au Malakal, au hawako tena, na bila kibali cha kusafiri haruhusiwi hata kufika Lodwar.

Kalobeyei, iliyoanza mwaka 2016, ilileta wazo zuri: badala ya shirika kujenga, familia ilipewa fedha ijenge yenyewe, ichague fundi, inunue mawe na mabati. Nyumba zikawa imara na hela zikabaki kwa mafundi na wauza vifaa wa hapohapo. Wazo hilo linaweza kumfaa hata mgonjwa wa akili, mradi awe na mtu wa kusimama naye wakati wa kupatana na fundi. Shirika la Wajesuti la JRS limeendesha kwa miaka mingi vituo vya mchana na ushauri nasaha Kakuma, na shirika la IRC limetoa huduma za hospitali. Kazi yao ninaiheshimu sana. Ila mwaka 2025 ulikuwa mgumu: fedha za Marekani zilikatwa, na kuanzia Agosti Shirika la Chakula Duniani (WFP) likaanza kugawa chakula kwa makundi, kila kaya kulingana na inavyohesabiwa kuwa na uhitaji. Mwenye kinywa huweza kwenda kulalamika akiwekwa kundi lisilo lake. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine atapanga foleni ipi? Na dawa kadhaa za akili huongeza njaa. Mtu akiziacha kwa sababu hana cha kula, sioni wa kumlaumu.

Kuna waliotangulia kuonyesha njia, na si wote wako Ulaya. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria, alianza kuwapangishia wagonjwa wake vyumba vya wanakijiji wa Aro, karibu na Abeokuta. Usiku walilala kijijini pamoja na ndugu waliowasindikiza, mchana walikwenda hospitali. Tanzania, enzi za Ujamaa, ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kimojawapo kikiwa Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Chennai, India, shirika la The Banyan lilianza mwaka 1993 kwa kuwaokota wanawake wagonjwa waliokuwa wakizurura barabarani. Baadaye likaona kwamba wengi walipona lakini hawakuwa na pa kwenda, likaanza kupanga nyumba za kawaida katika mitaa ya kawaida, watu wachache wakiishi pamoja na mtu wa kuwasaidia. New York, mwaka 1992, Sam Tsemberis alianza kuwapa watu wa mitaani nyumba kwanza, bila kuwataka wathibitishe kuwa wamepona. Kanada ikalijaribu wazo hilo kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya elfu mbili, na waliopewa nyumba walidumu ndani yake kwa muda mrefu zaidi kuliko waliopewa huduma za kawaida.

Naiona Lodwar ikianza na vyumba kumi tu. Vyumba vya kupanga vya kawaida, Napetet au Nakwamekwi, karibu na maji, visivyorundikwa plotini pamoja. Serikali ya kaunti ndiyo iandikiane na mwenye nyumba, ili kodi isikose na uharibifu ulipwe. Hofu ya mwenye nyumba ni ya haki na haiondolewi kwa mahubiri. Jirani mmoja, hasa mama anayeuza chakula hapo nje, alipwe kidogo ahakikishe mtu amekula na amekunywa maji. Mhudumu wa afya ya jamii apite kila juma, na muuguzi alete mlangoni Modecate, sindano ya kila mwezi, siku yake ikifika. Kitambulisho kishughulikiwe mapema, maana bila hicho bima ya afya ya serikali, SHA, haimjui na mpango wowote wa serikali haumwoni. Jambo hili ni dogo kuliko kujenga kituo kikubwa nje ya mji chenye ukuta. Najua kituo kinavutia: kina jiwe la msingi na siku ya kufunguliwa. Lakini mtu aliyewekwa nyuma ya ukuta hatajifunza tena kununua sukari dukani, wala mji hautajifunza kumsalimia.

Sheria ipo. Katiba, kifungu cha 43, inataja haki ya makazi na haki ya afya kwa pumzi moja. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilitaka mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa kaunti jukumu la kutibu na kurekebisha, na kutenga fedha za kazi hiyo. Kinachotakiwa sasa ni mstari ndani ya bajeti ya Turkana, ulioandikwa kodi ya nyumba, chini ya afya.

Na mstari huo uwe na kipengele kimoja ambacho mhasibu atakipinga. Maradhi haya hurudi. Mgonjwa aliyekaa vizuri mwaka mzima anaweza kuzidiwa na kulazwa miezi miwili. Katika miezi hiyo chumba kitakuwa kitupu, na mwenye nyumba atakuwa na mpangaji mwingine mlangoni akiwa na pesa taslimu. Chumba kikichukuliwa, siku ya kuruhusiwa hospitalini mtu anarudi Kawalase, na kazi ya mwaka mzima inaanza upya. Kaunti iendelee kulipia chumba hicho kitupu.