Barua Zao Hukaa Livingston

Mashariki ya jimbo la Texas, mwendo wa saa moja na kitu kwa motokaa kutoka Houston, katikati ya misitu ya misonobari, upo mji mdogo uitwao Livingston (wala jina hilo halihusiani na yule Dakta Livingstone wa vitabu vyetu vya shule) ambao maelfu ya Wamarekani wameuandika katika leseni zao za udereva, katika hati zao za benki na katika daftari la wapiga kura kuwa ndio maskani yao, ilhali wengi wao hawana humo hata chumba cha kutandika kitanda. Watu hao huishi safarini mwaka mzima: wengine katika mabasi yaliyotiwa jiko, kitanda na choo, wengine katika matela ya kuishi yavutwayo na pikapu, na wengine, wenye kipato haba, katika vigari vya mizigo walivyovitoboa madirisha kwa mikono yao wenyewe. Leo wako jangwani Arizona, miezi michache baadaye wako pwani ya Oregon, na barua zao ziko Livingston zikiwangoja.

Jambo hili lilinikaa moyoni tangu nilipotaka kumpelekea kitabu bibi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, muuguzi kwa kazi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizunguka Marekani na tela lake. Nilimwomba anwani, akanipa ya Livingston. Nilipomwuliza kama huko ndiko aliko, alicheka katika simu akaniambia kuwa yeye yuko Nebraska, nyuma ya hospitali, na kwamba dirishani pake anaona mahindi tu. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami namtii.

Chama kinachoendesha shughuli hiyo ya barua chaitwa Escapees, nacho kilianzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson, mume fundi wa umeme na mke muuguzi, ambao walikuwa wamekwisha kuonja wenyewe taabu ya kutafutwa na barua zisizojua pa kwenda. Utaratibu wake nimeelezwa na bibi huyu kwa ukamilifu na kwa furaha ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika biriani. Kwanza mwanachama hutia sahihi hati ya idara ya posta, mbele ya mshuhudia viapo, kwamba amewaruhusu wengine wampokelee barua. Kisha hupewa nambari yake, na kuanzia siku hiyo kila kilichoandikwa kwa jina lake, kiwe waraka wa kodi, ankara ya daktari au kadi ya arusi, huingia katika jengo la Livingston, hupangwa mahali pake, hutulia. Mwenyewe akifika mahali anapodhani atakaa, huagiza zote zitiwe katika bahasha moja kubwa, akaitaja posta ya mji alioko. Na posta ile, ijapokuwa haimjui wala bahasha haina mtaa wala nyumba, huweza kumwekea hata siku 30, mpaka aje na kitambulisho chake kuidai.

“Siku ya bahasha, mwanangu, ni siku kubwa,” aliniambia. “Siifungui posta. Naileta mpaka kwenye meza yangu, chini ya turubai la mlangoni, nachemsha chai ya tangawizi, ndipo naikata kwa kisu. Jirani akiona, naye huja na yake. Kwanza twatoa zenye dirisha la nailoni, hizo ni za kudaiwa. Halafu za serikali. Za watu huwa mwisho, nazo ni chache. Nilipata kadi ya kualikwa arusi ya binti wa sahibu yangu wa Minnesota, na siku niliyoipata, bibi arusi alikuwa amekwisha kuwa mja mzito! Nikampigia simu nikampa mkono wa heri mara mbili.”

Nilidhani atanisimulia upweke wa mtu ambaye hata barua haijui alalapo, na nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno ya kumliwaza. Hakuyahitaji.

“Mimi jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Baba yangu, Mungu amrehemu, aushi yake yote barua zake zilikuja kwa sanduku la posta la tajiri wake, na sisi watoto, na mjomba, na nusu ya mtaa, sote tulikuwa humo katika S.L.P. moja. Nani aliyepata kutugongea mlango na barua? Nyumba yetu haikuwa na nambari. Ukitaka kumpata mtu, huuliza dukani. Mmarekani ndiye aliyezoea barua imfuate nyumbani kama paka.”

Kauli hii naiona nzito kuliko kicheko kilichoambatana nayo. Sheria za Marekani zimejengwa juu ya dhana kwamba mtu ana nyumba, na nyumba ina mtaa, na kutokana na mtaa huo hujulikana atatozwa kodi gani, ataitwa mahakama ipi, na karatasi yake ya kura itatolewa wapi. Hivyo asiye na nyumba, akitaka kuwa raia kamili, sharti akopeshwe mlango. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na South Dakota kadhalika, ndiyo maana wasafiri hawa huyapenda majimbo hayo. Huko South Dakota, stakabadhi ya kulala usiku mmoja tu hotelini au kambini ilitosha kumpatia mtu leseni ya udereva, lakini mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuwataka wapiga kura wawe wamekaa jimboni siku 30 kabla ya kujiandikisha. Basi mtu aliyelipa ushuru wa gari lake huko mwaka baada ya mwaka, na asiyekaa siku 30 mfululizo katika jimbo lo lote la nchi yake, apige kura wapi? Nilimwuliza bibi, naye akanirudishia swali lile lile, akangoja jibu langu.

Sababu zinazowatia watu njiani wasomaji wanazijua, hasa waliotazama filamu ya Nomadland, iliyotunukiwa Oscar ya filamu bora mwaka 2021: nyumba zilizopotea katika msukosuko wa mwaka 2008, pensheni isiyotosha kodi ya pango, talaka, ujane. Bibi yetu alitoka kwa khiari. Wauguzi wa kusafiri huajiriwa kwa mikataba, aghalabu ya majuma 13, nao hupewa posho ya malazi. Yeye aliona kuwa kulala katika tela lake ni afadhali kuliko kulala kila msimu katika shuka za mpangishaji mwingine.

Kati ya mkataba na mkataba, hasa Januari, huenda kupumzika Quartzsite, mji wa jangwani magharibi ya Arizona, ambao wakati wa kiangazi hauna watu elfu nne na wakati wa baridi huzungukwa na magari-nyumba mpaka upeo wa macho. Kwenye ardhi kubwa za serikali kuu zilizo kandokando, aghalabu mtu huruhusiwa kukaa bure siku 14, kisha sharti ahame. Na ziko sehemu maalumu ambazo kwa dola 180 huruhusiwa kukaa tangu tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Hapo alisaidiwa kurudisha tela kinyumenyume na mzee aliyemwelekeza kwa mikono kama baharia, kumbe ni hakimu mstaafu; hapo alikaa jirani na mtu na mkewe waliotoka kuvuna viazisukari North Dakota kwa zamu za saa 12, mikono imepasuka kwa baridi, naye akaipaka mafuta ya nazi.

“Hatuulizani kwa nini umeacha nyumba yako. Twaulizana umetoka wapi jana, na maji ya huko yakoje.” Akanyamaza kidogo. “Alikuwapo mzee mmoja, misimu miwili alipanga karibu nami, akinitengenezea sola, nami nikimpa chapati. Msimu wa tatu hakuja. Nilijua jina la mbwa wake, mwanangu, sikujua ubini wake. Ningemwuliza nani? Labda barua zake ziko Livingston, lakini hao hawaruhusiwi kumwambia mtu habari za mwingine.”

Katika mji huo huo wa Quartzsite liko kaburi ambalo sikutarajia kulisikia. Hadji Ali, mtu aliyetoka katika dola ya Uthmaniya, alifika Texas mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani wabebe mizigo jangwani. Mradi ulivunjika, ngamia wakauzwa na wengine wakapotea nyikani, naye akabaki, akawa mchukuzi na mtafuta madini, akaoa, na katika karatasi za uraia akajiita Philip Tedro. Alikufa mwaka 1902. Mwaka 1935 alijengewa piramidi ya mawe yenye ngamia wa madini kileleni, na wenyeji wamemwandika Hi Jolly, kwa kuwa ndivyo walivyoweza kulitamka jina lake. Bibi alisimama pale akamsomea Fatiha. Nilimwuliza kama ana hakika kwamba marehemu alikufa Mwislamu. “Sina,” akasema. “Nilisoma kwa niaba ya jina la kwanza. La pili analijua Mungu.”

Nadhani kaburi lile ndilo lililomfanya aanze kufikiri mambo ambayo hakuwa akiyafikiri. Huko Livingston, karibu na jengo la barua, chama kile kimeweka mahali pa wanachama waliokonga au kuugua hata wasiweze kuendesha tena: huegesha gari lao kwa mara ya mwisho, huendelea kulala katika kitanda kile kile, na huletewa msaada na kupikiwa chakula. Bibi amekwenda kupatazama kwa jicho la muuguzi, na amepasifu kwa usafi na kwa heshima wanayopewa wazee. Lakini alitoka na swali ambalo muuguzi hakufundishwa: akifa pale, nani atakayemwosha?

Alirudi katika tela lake akaandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, mambo yote yanayopasa kufanywa, tangu maji mpaka sanda, na nani aitwe kwanza. Waraka huo umo katika droo pamoja na hati za gari. Hajaupeleka, kwa sababu hajaamua aupeleke wapi: Livingston, au kwa msikiti mmojawapo wa Houston, au Mombasa, kwa mpwa wake, ambaye kila akipiga simu humwuliza shangazi yu wapi.