Ruiru na hesabu isiyogawika

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 245,820 katika kaunti ndogo ya Thika Magharibi, na 371,111 katika Ruiru. Mpenzi wa hisabati ataona kuwa nambari hizi zina tabia mbalimbali. Ya Thika ni pole: yagawika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10 na 12 bila kubakiza mtu. Ya Ruiru ni kaidi: yakataa 2, 3, 5, 7 na 11. Ni 13 mara 28,547, na hizo zote mbili ni nambari tasa, zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Lakini ukaidi huo ni wa kalamu tu. Angeongezeka mtoto mmoja, 371,112 ingekubali 2, 3, 4, 6, 8 na 12.

Mgawanyo wenye uzito ni ule wa Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010. Ukigawa Wakenya 47,564,296 kwa maeneobunge 290, kila moja hupata watu 164,014, wakabaki 236. Ruiru, yenye mbunge mmoja, ina zaidi ya maradufu ya kadiri hiyo, ilhali tofauti kubwa kabisa inayoruhusiwa ni asilimia 40. Maana yake ni kwamba sauti ya mkazi wa Ruiru bungeni haifiki nusu ya ile ya Mkenya wa wastani.

Watu 236 waliobaki hawamdhulumu yeyote. Dhuluma i katika mipaka, na mipaka huchorwa na binadamu.